Gari Lenye Kikohozi

Watu wa Odaira, mji wetu mdogo wa Japani, wakimsema Kikuta Morio huanza na gari na kumaliza na gari. Alikuwa na gari la anasa, wanasema, huku anakula pesa ya serikali. Maneno hayo yamewatosha, wameyafunga kama mlango. Nami nitaanza na gari, kwa sababu bila gari hakuna kisa, lakini sitaishia hapo.

Lilikuwa uani kwa mjomba wangu Nagao, fundi na muuza magari makuukuu, nyuma ya lori lisilo na magurudumu. Majani yalikuwa yamepanda mpaka milangoni. Lilikuwa jekundu zamani, sasa limepauka kama nyanya iliyosahauliwa juani, na fupi kiasi kwamba mtu akisimama kando yake paa linamfika kifuani. Viti viwili tu. Taa zake zilijificha ndani ya boneti, na ukiziwasha moja iliinuka upesi na ya pili ilijivuta kama mtu aliyelazimishwa kuamka. Injini haikuwa mbele kama ya magari mengine. Ilikaa katikati, nyuma ya viti, ikimpumulia dereva mgongoni.

Kikuta alikuwa na miaka arobaini na kitu wakati huo. Alikuwa kibarua wa mkataba katika kiwanda cha vipuri bondeni, akikunja mabomba ya breki. Mkataba wa miezi sita, ukiisha unarudiwa, ukiisha unarudiwa, tangu ujana wake mpaka mvi. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mama yake, Bi Fusae, aliyeishi peke yake Tsukinoki, kijiji cha juu ya mlima, ambako basi lilifutwa mwaka ule shule ya huko ilipofungwa. Kwa hiyo Kikuta alihitaji gari, na alikuja kwa mjomba kutafuta gari.

"Usilitazame sana hilo," mjomba akamwambia. "Litakuzoea."

"Linawaka?"

"Linawaka kama mzee anavyoamka. Linakohoa, linatukana, halafu linakwenda. Sikiliza ndugu yangu, pale nina la boksi. Milango minne, joto linafika mpaka miguuni. Mama yako atapanda bila kuvunjika kiuno. Chukua lile, uoe."

"Nani anaolewa kwa ajili ya gari la boksi, kaka?"

"Na nani anaolewa kwa ajili ya hili?"

Walicheka wote wawili, na mjomba alijua ameshashindwa. Kikuta alimweleza kwamba alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alifanya kazi kituo cha mafuta baada ya masomo, na mtoto wa daktari wa mjini alikuwa akija na gari kama hili. Kazi ya Kikuta ilikuwa kufuta vioo. Aliinama akafuta, akaona usukani mdogo na viti viwili, akajiambia siku moja. Siku moja hiyo ilichukua miaka thelathini, na ilipofika bei ilikuwa ndogo kuliko ya zile baiskeli za umeme ambazo akina mama hupelekea watoto chekechea. La boksi, ambalo kila mtu aliliona la heshima na la kiasi, lilikuwa ghali mara tatu. Neno hili nalirudia kila nipatapo nafasi, na hakuna anayelisikia.

Mjomba alilifanyia kazi majira yote ya kuchipua. Aliondoa hewa iliyonasa katika mabomba ya maji, maana rejeta, kile kipoza maji, iko puani na injini iko nyuma, na maji yanasafiri chini ya tumbo la gari kwenda na kurudi. Bomba la moshi lilikuwa limeoza. Vipuri vyake havipatikani tena, basi akachomelea kipande cha bomba kutoka mashine ya kukaushia mpunga. Tangu siku hiyo gari likawa na sauti yake peke yake. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, lilikohoa mara mbili, kavu, kama mtu anayebisha hodi kwa koo.

Siku ya kulikabidhi, mjomba alimfundisha. "Ukishaingia kona, usiogope katikati. La kawaida litakusamehe. Hili uzito wake uko kiunoni. Ukiachia mafuta ghafla, mkia utataka kuongoza njia."

"Nimekunja mabomba miaka mingi. Najua kona."

"Unajua za mezani," mjomba akamjibu.

Alijifunza. Kila Jumapili alipanda mlima kwenda kwa mama yake. Paa la gari lilivuja likinyeshewa, hivyo aliweka taulo kwenye kiti cha pili. Buti lilikuwa dogo, la kutosha gunia moja la mchele na beleshi. Bi Fusae aliingia kwa kutanguliza makalio, akicheka kwamba ni kama kukaa kwenye beseni la kufulia, na akishakaa hakutaka kutoka, kwa sababu joto la injini lilimtuliza mgongo. Alisema ni kama mtu amekukumbatia kwa nyuma bila kukusumbua. Walishuka pamoja kuoga kwenye chemchemi ya maji moto, wakala tambi, wakarudi. Majira ya baridi Kikuta alipanda juu ya paa la nyumba na kushusha theluji, maana theluji ya kwetu isiposhushwa inavunja mihimili.

Macho ya mama yalikuwa yakififia. Mwishowe alitofautisha mchana na usiku, na mtu na mlango, basi. Lakini masikio yalikuwa mazima. Gari lilipofika kona ya mwisho chini ya kijiji, Kikuta aliachia mafuta, likakohoa mara mbili, na kabla hajazima injini mama alikuwa ameweka vikombe viwili na sahani ya figili za chumvi. Majirani wa Tsukinoki walisema Bi Fusae hana haja ya saa ya Jumapili.

Kisha kiwanda kikaacha kurudia mkataba. Hakuna aliyemfukuza, hata heshima ya kufukuzwa hakupewa. Waliinama, wakamshukuru kwa ushirikiano wake wa muda mrefu, wakachukua kitambulisho cha langoni. Mama yake hakumwambia. Mgongo wake ulikuwa umeshaharibika kwa kusimama pale pale. Alitafuta kazi akiwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini ambaye hawezi kuinua mzigo, katika mji ambao kazi zote ni za kuinua mizigo. Akaishi kwa akiba, kisha kwa mchele wa mama, kisha akapoteza kilo mpaka kola ya shati ikamzunguka kama kamba ya kisima. Mjomba ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka ofisi ya ustawi kuomba msaada wa kujikimu. Msaada huo ni haki, imeandikwa katika katiba yetu, nimeisoma chuoni mpaka nikaijua kwa moyo. Kikuta aliingia pale kama mwizi anayejisalimisha.

Ofisi ya namna hiyo huwaandikia ndugu wa mwombaji kuuliza kama wanaweza kumtunza. Kwetu, barua hiyo ni aibu inayotiwa kwenye bahasha. Na barua ya Bi Fusae ingesomwa na nani? Macho yake hayakuona herufi. Angeipeleka kwa jirani, amsomee kwa sauti: mwanao Morio hana chakula, je, wewe mama yake utamlisha? Kikuta alifikiria jambo hilo siku nzima. Alijua pia kwamba mtu aliyetengana na nduguze kwa miaka mingi, barua haipelekwi.

Basi alipoulizwa kuhusu mama yake alijibu kwamba waligombana zamani, hawaonani.

Afisa aliyemshughulikia aliitwa Oikawa, kijana wa rika langu, mpole, mwenye baridi ya vidole. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba katika kisa hiki chote sijapata mtu mbaya wa kumshika shati. Oikawa aliandika alichoambiwa, barua haikupelekwa, na msaada ukatoka. Kisha akasema habari ya gari. Gari ni mali. Anayesaidiwa halitumii, analiondoa. Kikuta aliomba muda. Akapewa muda mfupi.

Muda huo aliutumia vibaya, au vizuri, amueni wenyewe. Aliendelea kupanda mlima kila Jumapili, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine aliling'arisha gari. Alilipaka nta kwa kitambaa cha fulana yake ya kiwandani mpaka wekundu wa zamani ukarudi. Mtu mwingine angelifunika turubai. Kikuta alilisafisha kwa sababu alitaka, siku ya kuliacha, liende kwa mtu mwingine likiwa na adabu. Na gari lililong'aa likawavuta macho majirani wa zile nyumba za kupanga alikoishi. Mmoja alisema, Kikuta akisikia, "Masikini akipata, matako hulia mbwata." Mwingine hakusema kitu. Alipiga simu ofisini.

Oikawa alimkuta Kikuta uani kwa mjomba, akifunga boneti. Mjomba alikuwepo, nami, niliyekuwa nikimsaidia kazi, nilikuwepo, nimeshika ufagio. Oikawa aliinama kwa kila mmoja wetu, akaomba radhi kwa usumbufu.

"Bwana Kikuta, tumepata taarifa kwamba gari linatembea kila Jumapili."

"Ni kweli."

"Linakwenda wapi?"

Nilimwona mjomba akimtazama Kikuta kwa jicho la kumsukuma. Sema. Sema una mama kipofu mlimani, ambako basi halifiki. Kikuta alifuta kidole chake kimoja kwa kitambaa, kisha kingine.

"Halina pa kwenda," akasema. "Nazunguka tu. Napenda kona."

"Unapenda kona?"

"Ndiyo. Tangu nilipokuwa kijana."

Oikawa aliinamisha kichwa. Naamini alikuwa akimpa nafasi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kama kungekuwa na mgonjwa unayempeleka hospitali, au mzee unayemtunza, ningelipeleka jambo hili kwenye kikao. Siahidi. Lakini ningelipeleka."

"Hakuna mtu," Kikuta akajibu.

Oikawa alipoondoka mjomba alitupa spana chini. Akamwuliza kama ana wazimu. Kikuta akamwambia, "Kaka, nikisema ninamtembelea mama, nimesema nilidanganya. Barua itakwenda. Atasomewa na mke wa Sakuma, jirani yake, mbele ya chai."

"Basi asomewe! Watu hawafi kwa kusomewa barua!"

Kikuta aliinama, akaiokota spana, akamrudishia. Siku ile sikuelewa. Nilikuwa na hasira na ofisi, na majirani, na kiwanda, na nilitaka yeye awe na hasira pamoja nami. Hakuwa nayo. Alikuwa na haya tu, haya nyingi mno, kama mtu aliyebebeshwa maji asiyaruhusu kumwagika hata tone kwenye sakafu ya wengine.

Gari lilinunuliwa na kijana wa chuo kutoka mji mkubwa, mpenda magari ya zamani. Kikuta alimweleza kila kitu: taa inayochelewa, taulo la mvua, asiogope katikati ya kona. Kijana alisikia kikohozi akafurahi, akasema hatalibadilisha bomba lile kamwe. Kikuta akamshukuru. Gari lilipotoka langoni alibaki ameinama mpaka likawa halisikiki tena.

Jioni hiyo alimpigia mama yake simu akamwambia gari limeharibika, linasubiri kipuri, na kipuri ni adimu. Mama akasema pole, usijali, kipuri kitapatikana. Jumapili iliyofuata alisema hivyo hivyo, na iliyofuata. Mjomba alimwambia lori lipo, ataje siku yoyote. Kikuta alishukuru sana na hakutaja siku. Tulimpeleka mara mbili kwa kumlazimisha, na mara zote mbili alimlipa mjomba kwa kumfagilia gereji mpaka mgongo ukamlaza.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Barabara ya Tsukinoki ina kona nzuri. Ndizo zilizomvuta kijana wa chuo. Majira yale ya majani mekundu, kila Jumapili asubuhi alikuja kutoka mjini, akapanda mlima wetu na gari lake jipya la zamani, akapita katikati ya kijiji, akashuka upande wa pili. Na alipofika kona ya mwisho chini ya kijiji aliachia mafuta, kama mtu yeyote angefanya pale, na gari likakohoa mara mbili.

Majirani wa Bi Fusae walieleza baadaye. Jumapili ya kwanza walimwona akifungua mlango, vikombe viwili mezani. Gari lilipita. Alisimama pale mlangoni muda mrefu, uso ukielekea kule sauti ilikokwenda. Jumapili ya pili aliweka vikombe tena. Ya tatu aliweka kimoja. Mke wa Sakuma alimwuliza kama mwanawe haji siku hizi, akajibu kwamba mwanawe ana shughuli nyingi, watu wa kazi ndivyo walivyo. Kwenye simu mwanawe alimwambia gari bado halijapona. Naye alimjibu pole, kipuri kitapatikana. Hakumwuliza neno.

Theluji ilipoanza, kijana aliacha kuja. Mwaka ule ilianguka bila huruma. Kikuta alimpigia mama kumwuliza habari ya paa. Mama akamwambia Sakuma ameshamsaidia, paa ni safi, asihangaike. Kikuta alimsadiki kwa sababu alitaka kumsadiki. Sakuma mwenyewe ana miaka themanini na mbili. Bi Fusae hakumwomba Sakuma. Hakumwomba mtu. Asubuhi moja yenye jua alivaa buti za mpira, akashika beleshi ambalo mwanawe alikuwa ameliacha, akapanda ngazi kwa kupapasa. Alifanya kazi kwa muda. Waliona baadaye kwamba robo ya paa ilikuwa imesafishwa kwa mistari iliyonyooka. Kisha theluji iliyobaki iliteleza yote kwa pamoja, ikaondoka naye.

Sakuma alimkuta akiwa hai, amefukiwa mpaka kifuani. Kiuno kilikuwa kimevunjika, na mapafu yalikuwa yamepata baridi. Hospitali ikatafuta ndugu, ofisi ya ustawi ikaulizwa, karatasi zikakutana. Aibu yote ambayo Kikuta aliizuia kwa gari lake, ikapita kwenye mlango mwingine.

Nilimpeleka mimi kwa lori la mjomba. Bi Fusae alikuwa mdogo kitandani kama nguo zilizokunjwa. Nesi alisema anaelewa, anasikia, ila asichoshwe. Kikuta aliketi, akamshika mkono.

"Morio?"

"Mimi hapa, mama."

"Umekuja na gari?"

Kikuta aliniangalia. "Ndiyo, mama."

"Limepona, basi."

"Limepona."

Alivuta pumzi. Kisha akasema taratibu, bila lawama yoyote, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, "Nililisikia likipita, majira yale ya majani. Nikasema, ana haraka, nisimsumbue. Ndiyo maana sikukwambia habari ya paa. Ulikuwa na haraka, sivyo?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Kwamba si yeye, mama, kwamba gari aliliuza, kwamba hakupita mlangoni pako hata siku moja. Neno moja lingetosha. Kikuta aliinua mkono wake mwingine kuelekea kwangu, kiganja wazi, bila kunitazama.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

"Sawa," akasema Bi Fusae. "Nilijua."

Hakuongea tena siku ile, wala kesho yake. Keshokutwa yake alifariki, kabla ya mapambazuko, na simu ilimkuta Kikuta ameshavaa.

Lakini nirudi kwenye lori, siku ile ya hospitali. Tulikuwa njiani kurudi, theluji ikianguka tena kwenye kioo. Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba amemwachia mama yake uongo mbaya, kwamba mama anakwenda akiamini mwanawe alipita mlangoni pake akamwacha. Kwa nini? Kwa ajili ya nini? Siri imeshajulikana, ofisi imeshajua, amebakisha nini cha kuficha?

Alikuwa ameegemea mbele kidogo, kama mtu ambaye mgongo wake unatafuta joto na halipo.

"Bwana mdogo," akasema, "mtu mwenye haraka ni mtu mwenye kazi. Aende akijua nina kazi."

Nilipunguza mwendo, nikafuta ukungu kwenye kioo.

Tulipokaribia zile nyumba za kupanga aliniomba nisimame kwenye kona ya duka la mchele, mbali kidogo. Nilimwambia theluji ni nyingi, nitamfikisha mlangoni. Akasema hapana, asante, hapa panatosha. Pale mlangoni, alieleza, majirani wanaweza kumwona akishuka kwenye gari, wakapiga simu tena ofisini.

Akafunga mlango polepole ili usitoe sauti, akaliinamia lori, akaenda kwa miguu.